Madodoso ya Mtandaoni Yanayolipa: Pesa Inatoka Wapi, na Kwa Nini Mara Nyingi Haifiki

Binti wa jirani yangu husuka nywele kibarazani kwao, na kati ya mteja mmoja na mwingine hujibu madodoso kwenye simu. Wiki iliyopita alinionyesha kioo cha simu hiyo. Juu kulikuwa na mstari wa kijani uliosema kwamba amekwisha kufika asilimia 82, na chini yake swali lililouliza ni mara ngapi kwa mwezi ananunua sabuni ya unga, na ya pakiti ya ukubwa gani. Alijibu, akabonyeza mbele, na badala ya swali jingine kikatokea kisanduku cheupe kilichomshukuru kwa muda wake na kumweleza kwamba kwa sasa hana sifa za kushiriki utafiti huo. Dakika 14 zilikuwa zimepita, na pointi alizoongezewa, yaani alama zinazobadilishwa baadaye kuwa pesa, zilikuwa sifuri. Akaniuliza, “Mwalimu, hawa watu wanalipa kweli au wanatuchezea tu?”

Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikashindwa, kwa sababu mazungumzo yetu ya kila siku yameweka vitu vitatu tofauti ndani ya kapu moja. Kuna kampuni za utafiti zinazolipa kweli, ila kidogo na kwa masharti mengi. Kuna madalali wanaouza njia ya kuzifikia kampuni hizo, ambao hupata chao hata kama wewe hupati chako. Halafu kuna matapeli waliovaa joho la utafiti, wasio na utafiti wowote wala mteja yeyote zaidi ya wewe mwenyewe. Kwa hiyo yule anayesema “wanalipa, mimi nimelipwa” na yule anayesema “wote wezi” huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Safari ya pesa

Tuanze na maneno yenyewe. Dodoso ni orodha ya maswali iliyopangwa ili watu wengi waulizwe mambo yale yale kwa namna ile ile. Jopo la wahojiwa ni kundi la watu waliojiandikisha mapema na kukubali kuulizwa mara kwa mara, badala ya mtafiti kuzunguka mitaani kila anapokuwa na swali. Anayejibu ni mhojiwa. Mwenye swali, awe ni kiwanda cha sabuni, benki, chuo kikuu au shirika la habari, ndiye mteja, na pesa yote huanzia kwake.

Mteja hawezi kumuuliza kila mtu, kwa hiyo hufanya kama mpishi anayeonja mchuzi: kijiko kimoja kinatosha kumwambia kama chumvi imekolea, mradi sufuria limekorogwa vizuri. Kijiko hicho ndicho kinachoitwa sampuli. Mteja hulipa kampuni ya utafiti iandae maswali na kuchambua majibu. Kampuni ya utafiti nayo, kwa kawaida, hainunui majibu kwako moja kwa moja, bali huyanunua kwa mwenye jopo, na mwenye jopo asipokuwa na watu wa kutosha huyanunua kwa mwenye jopo mwingine. Kila mkono unaopitiwa hubakiza kitu. Kinachomfikia mhojiwa ni kile kilichosalia baada ya mikono yote hiyo, na hapo ndipo ulipo ufafanuzi wa kwanza wa udogo wa malipo: huuzi jibu lako sokoni, unamuuzia mtu wa kwanza katika mnyororo mrefu, na bei ameipanga yeye.

Jambo hili lina maana moja muhimu kuliko zote katika suala zima. Katika utafiti wa kweli pesa hushuka kutoka kwa mteja kuja kwa mhojiwa, na haipandi hata siku moja. Hakuna mahali katika mnyororo huo ambapo mhojiwa anahitaji kutoa ada ya kujisajili, kianzio, pesa ya kufungua akaunti au gharama ya kupandishwa daraja, kwa sababu yeye ndiye mwenye bidhaa inayotafutwa. Ukiona pesa inaelekea upande wa pili, umekwisha kutoka kwenye utafiti na kuingia mahali pengine, na nitafika huko.

Kwa nini unatolewa katikati

Lalamiko linalosikika zaidi ni lile la binti wa jirani. Mara nyingi kinachomtoa mtu ni mgawo. Mteja wa sabuni haombi watu elfu moja wowote. Anaweza kuomba wanawake 200 wa mijini wenye umri wa miaka 25 hadi 34 wanaonunua sabuni wenyewe, wanawake 200 wa vijijini, na kadhalika. Fungu lako likijaa, mlango unafungwa, hata kama wewe ni mnunuzi wa sabuni kuliko wote. Ni sawa na basi la Moshi lililojaza siti: konda hana ubaya na wewe, ila nafasi hakuna. Wakati mwingine si mgawo, ni sifa: wameulizwa wanaotumia pakiti kubwa, na wewe umetaja ndogo.

Mpaka hapo hakuna utapeli. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kwa hiyo hakuna kosa. Konda mwaminifu hukwambia limejaa ungali stendi. Hakusafirishi mpaka Chalinze ndipo akushushe. Maswali ya kuchuja yanaweza kuwekwa mwanzoni kabisa, na kampuni nyingi makini hufanya hivyo, na baadhi humpa aliyetolewa pointi chache za kufidia muda wake. Anayekuuliza kwa dakika 14 ndipo akagundua kwamba hufai amekupa wewe mzigo wa mpangilio wake mbaya. Huyo si lazima awe tapeli, lakini ni mwajiri mbaya, na mhojiwa ana haki kamili ya kumhama.

Sababu ya pili ya kutolipwa ni ngumu zaidi, kwa sababu hutokea baada ya kumaliza. Wafugaji wanaopeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia wanaifahamu. Umeamka alfajiri, umekamua, umebeba ndoo, na mpokeaji anachovya kipimo chake ndani ya maziwa. Akiona yamechanganywa na maji, ndoo inarudi na wewe na hulipwi kitu. Majopo nayo yana vipimo vyao. Katikati ya dodoso huwekwa swali linalokuagiza uchague jibu fulani, ili kuona kama unasoma. Muda wako hupimwa, na anayemaliza maswali ya dakika 20 kwa dakika 4 huhesabiwa kwamba amebonyeza ovyo. Umri uliotaja mwanzo hulinganishwa na mwaka wa kuzaliwa unaotaja mwisho. Kisha, siku au wiki kadhaa baadaye, mteja mwenyewe anaweza kuyapitia majibu na kuyakataa baadhi, na pointi ulizokwisha kuziona kwenye akaunti zikaondolewa.

Ukali huu una sababu. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba katika dodoso moja la mtandaoni la watu wanaojiandikisha wenyewe, asilimia 12 ya waliojibu wenye umri chini ya miaka 30 walisema wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Idadi halisi ya watu wenye sifa hiyo ni karibu na sifuri. Watu hao hawakuwa wanamaji. Walikuwa wanajibu ndiyo kwa kila kitu ili wafike kwenye malipo. Mwaka 2025 waendesha mashtaka wa Marekani katika jimbo la New Hampshire waliwafungulia mashtaka watu 8 waliohusishwa na kampuni mbili za ukusanyaji wa maoni, Op4G na Slice, wakiwatuhumu kuuza majibu ya kutunga ya thamani ya takribani dola milioni 10 kwa muda wa miaka kadhaa. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, watu waliolipwa kujaza madodoso kwa kujifanya watu wengine waliitwa kwa jina la siri, siafu, na walifundishwa namna ya kupita kwenye maswali ya kuchuja na kuficha nchi waliyopo. Mwishoni mwa mwaka huo huo mtafiti Sean Westwood wa Chuo cha Dartmouth alionyesha kwamba programu ya akili mnemba inaweza kujibu dodoso zima na kupita karibu mitego yote iliyowekwa kuikamata.

Kwa hiyo mwenye jopo anamshuku kila mtu, na shaka lake linamwangukia mwaminifu pamoja na mwongo. Uchungu wa mhojiwa mwaminifu ni kwamba katika kituo cha maziwa angalau anakiona kipimo kikichovywa mbele yake, wakati huku hukumu inatolewa mahali asipopaona, na anayehukumu ndiye huyo huyo ambaye angepaswa kulipa. Masharti ambayo watu huyakubali bila kuyasoma siku ya kujiandikisha humpa mwenye jopo mamlaka hayo kwa maandishi.

Hesabu inavyokaa

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Tuseme dodoso moja la dakika 15 linalipa senti 50 za dola, na kiwango cha chini cha kutoa ni dola 10. Utahitaji kumaliza madodoso 20. Tuseme pia kwamba kwa kila moja unalomaliza umetolewa katika matatu mengine, kila moja baada ya dakika 4. Kila senti 50 sasa imekula dakika 27, na dola 10 zimekula dakika 540, yaani saa 9 kamili, bila kuhesabu bando. Na kama madodoso unayoyamaliza ni matatu kwa wiki, dola hizo 10 ziko umbali wa takribani wiki 7. Wengi huacha kabla ya hapo. Akaunti zao hulala, na katika majopo mengi pointi za akaunti iliyolala kwa muda fulani hufutwa. Mwenye jopo hakuiba kitu, ila kiwango cha chini kilipowekwa juu, sehemu ya deni lake ilijifuta yenyewe.

Mfano wa kweli wa jambo hili ni YouGov ya Uingereza, kampuni ambayo kura zake za maoni hunukuliwa kwenye magazeti makubwa. Kwa miaka mingi mwanachama wake alipaswa kufikisha pointi 5,000 ndipo alipwe pauni 50. Pesa hiyo ililipwa, na hakuna mtu makini anayeiita YouGov matapeli, lakini mwanachama wa kawaida alisubiri miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Upande mwingine yupo Prolific, jukwaa lililoanzishwa Oxford mwaka 2014 kwa ajili ya watafiti wa vyuo vikuu, ambalo huwalazimisha watafiti kulipa si chini ya pauni 6 kwa saa na kusema mapema malipo ni kiasi gani na kazi itachukua muda gani. Tofauti ya wawili hawa haiko kwenye uaminifu. Iko kwenye umbali kati ya kazi na pesa.

Lakini Prolific hupokea wakazi wa nchi zilizoorodheshwa tu, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika Kaskazini, na hapa ndipo wahojiwa wengi wa Afrika Mashariki wanapojikwaa. Mteja anayelipa vizuri ni yule anayetaka kujua Mmarekani ananunua bima gani, si Mtanzania. Ndiyo maana kumezuka mafundisho kwenye YouTube na makundi ya Telegram ya kumwelekeza kijana atumie programu ya kubadilisha mahali alipo, ajaze anwani ya jimbo la Texas, na aanze kupokea madodoso ya dola. Ushauri huu umewapotezea watu muda mwingi kuliko utapeli mwingine wowote ninaoufahamu, kwa sababu kosa halionekani mwanzoni. Akaunti hufunguka, pointi hujaa, na siku ya kutoa pesa ndiyo siku ambayo ukaguzi hufanyika: namba ya simu ni ya wapi, akaunti ya kupokelea ni ya nchi gani, jina linafanana na lililosajiliwa. Akaunti inafungwa, pointi zinapotea, na kijana anatangaza kwamba kampuni ile haina malipo. Kwa mujibu wa masharti aliyoyakubali, kampuni haikuwa na deni naye.

Hata aliyejiandikisha kwa ukweli anaweza kukwama kwenye njia ya malipo. Kenya tangu mwaka 2018 mtu anaweza kuhamisha pesa kutoka PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwenda M-Pesa, wakati kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imeweza kulipia na kutuma lakini si kupokea. Jopo lingine hulipa kwa kadi za zawadi za maduka ambayo hayafikishi mzigo huku. Ukurasa wa malipo unapaswa kusomwa siku ya kwanza, kabla ya kujibu swali hata moja, na kusomwa ukiwa umeweka nchi yako halisi.

Ukubwa wa kampuni nao si dhamana kama inavyodhaniwa. Dynata, mojawapo ya wamiliki wakubwa kabisa wa majopo duniani, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika nchini Marekani mwezi Mei 2024 ili ijipange upya na wadai wake. Ilitoka ndani ya mwaka huo huo ikiwa inaendelea na kazi. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu linaonyesha pointi ni kitu gani hasa: si pesa yako iliyotunzwa mahali, bali ni deni ambalo kampuni imekuahidi, na kampuni ikiyumba wewe ni mdai mdogo kabisa asiye na dhamana mkononi.

Majopo yanayokutafuta yenyewe

Katika eneo letu kuna aina ya jopo ambayo haizungumzwi sana kwa sababu haina matangazo. Mpango wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza ulipoanza Tanzania Bara, zaidi ya miaka kumi iliyopita, ulichagua kaya zipatazo 2,000 kwa bahati nasibu, ukawagawia washiriki simu na chaja ya sola, kisha ukawa ukiwapigia kuwauliza kuhusu maji, shule, hospitali na siasa. Kampuni ya GeoPoll hufanya utafiti kwa ujumbe mfupi na kwa simu katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Kongo, na anayemaliza maswali hupewa kiasi kidogo cha muda wa maongezi.

Angalia yanayofanana katika mifano hii miwili. Ahadi ni ndogo. Hujazi pointi kwa wiki saba. Maswali yakiisha, salio linaingia. Na zaidi ya yote, mtafiti ndiye anayekutafuta. Mtafiti makini hapendi sampuli ya watu waliokimbilia pesa, kwa sababu mchuzi wa juu juu hauna ladha ya sufuria zima. Kwa hiyo utafiti ulio bora zaidi kwa sayansi ndio usioweza kugeuzwa kuwa ajira: huwezi kuuomba, na ukikuchagua leo huenda usikuchague tena. Jambo hili huwavunja moyo wanaotafuta kipato, lakini ni heri kulijua mapema.

Pale pesa inapopanda juu

Sasa turudi kwenye pesa inayotoka kwako. Mlolongo wake huwa hivi. Ujumbe unaingia WhatsApp kutoka namba ya nje, mwandishi wake akiwa na picha ya mwanamke mwenye suti, akisema kampuni inatafuta watu wa kutoa maoni kuhusu bidhaa. Kazi ya kwanza ni kuweka nyota tano kwenye hoteli tatu. Baada ya dakika kumi shilingi elfu kadhaa zinaingia kweli kwenye simu. Unahamishiwa kundi la Telegram lenye watu wanaotuma picha za miamala yao kutwa nzima. Siku ya tatu kazi zinagawanywa kwa madaraja, na daraja linalolipa vizuri linahitaji kianzio. Unaweka, salio kwenye programu yao linapanda, na unapotaka kulitoa unaambiwa ulipe kodi kwanza, kisha gharama ya kuhakiki, kisha faini ya kuchelewa. Kiasi kile kidogo ulicholipwa mwanzoni kilikuwa chambo, na kilikuwa ndiyo malipo yote uliyokusudiwa kuyapata.

Tume ya Biashara ya Marekani inauhesabu utapeli wa aina hii kwa jina la utapeli wa kazi ndogo ndogo. Mwaka 2020 haikuwa na taarifa hata moja. Mwaka 2023 zilikuwa takribani 5,000. Na katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2024 pekee zilifika takribani 20,000. Kwetu umechanganyika na upatu wa zamani. Kenya mwaka 2022 programu iliyojiita Amazon Web Worker, isiyo na uhusiano na kampuni ya Amazon, ilizimika na pesa za watu waliokuwa wameweka ili walipwe kwa kazi nyepesi za kubonyeza. Tanzania, mapema mwaka 2025, Benki Kuu ilitoa tahadhari kuhusu LBL, mpango ambao wanachama waliingia kwa kulipa na kisha kuahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, na polisi wakawakamata watu waliohusishwa nao katika mikoa kadhaa. Kazi hubadilika jina, leo ni kutazama, kesho ni kujibu maswali, lakini chanzo cha malipo kinabaki kuwa mwanachama aliyeingia jana.

Ndiyo maana picha ya muamala si ushahidi. Watu hunijibu, “Lakini dada yangu amelipwa, nimeona kwa macho yangu.” Nawaamini. Upatu huwalipa wa mwanzo kwa pesa ya waliofuata, na lazima uwalipe, kwa kuwa hao ndio tangazo lake. Swali linalofaa si kama kuna aliyelipwa, bali ni nani mteja aliyehitaji kazi ile na alikuwa tayari kuilipia. Kiwanda cha sabuni kina haja ya kujua unafulia nini. Hakuna hoteli duniani inayohitaji nyota tano za mtu ambaye hajawahi kulala hapo, isipokuwa inataka kudanganya wageni wake.

Kati ya hawa na kampuni za kweli wapo madalali. Mmoja anakuuzia kwa shilingi elfu kumi orodha ya “tovuti 50 zinazolipa” ambayo ungeipata bure. Mwingine hakuuzii kitu, anakupa kiungo tu na kusifia jopo fulani kwa shauku kubwa. Kiungo hicho kina namba yake, na kwa kila anayejiandikisha kupitia hapo yeye hupewa kamisheni. Kamisheni si haramu, lakini sifa za mtu anayelipwa kwa kusifia zinapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Kuna malipo mengine ambayo mhojiwa huyatoa bila kuyahesabu, nayo ni taarifa zake. Jopo la kweli litakuuliza umri, kazi, kipato, idadi ya watoto, hata magonjwa, na taarifa hizo ndizo bidhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje. Kampuni inayoheshimu kanuni za utafiti za ESOMAR, chama cha watafiti, hutenganisha majibu yako na jina lako, na haitumii utafiti kama mlango wa kukuuzia kitu. Swali kuhusu sabuni unayotumia ni la utafiti. Namba ya siri ya M-Pesa, namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu, au picha ya kitambulisho cha NIDA inayodaiwa kabla hujajibu swali lolote, hayo si ya utafiti.

Binti wa jirani nilimshauri hivi. Achague jopo moja au mawili ambayo ukurasa wake wa malipo unaitaja Tanzania na njia anayoweza kuipokelea. Afungue barua pepe ya pekee kwa kazi hiyo. Aandike kwenye daftari muda anaotumia na kinachoingia, kama anavyoandika mauzo ya rasta. Afikapo kiwango cha chini atoe siku hiyo hiyo, asingoje kijae zaidi, kwa sababu jaribio pekee la kweli la jopo ni muamala wa kwanza kuingia kwenye simu yake. Muamala huo ukichelewa zaidi ya muda ulioandikwa kwenye masharti, awaandikie mara moja akitaja tarehe, na asijibu dodoso jingine mpaka wamlipe.

Kwa aliyekwisha kutoa pesa yake, hatua za kwanza ni za haraka: apige simu kwa mtandao wake wa simu au benki kuomba muamala uzuiwe, ahifadhi ujumbe wote bila kufuta, na aripoti polisi. Namba zinazotuma ujumbe wa kitapeli hutumwa 15040 kwa Tanzania, na 333 kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya. Baada ya siku chache huenda akatafutwa na mtu anayejiita mwanasheria au mtaalamu wa mitandao, anayejua kiasi alichopoteza hadi shilingi ya mwisho, na anayedai anaweza kuirudisha pesa hiyo kwa ada kidogo. Anakijua kiasi hicho kwa sababu orodha ya waliotapeliwa nayo huuzwa, au kwa sababu ni wale wale wamerudi.